Kipimo Kilichokufa Husema Mambo ni Shwari

Msimu wa kahawa unapoanza wilayani Mbinga, mwanzoni mwa kiangazi, mazungumzo yote huwa juu ya bei. Hilo si ajabu, wala si kosa. Mkulima aliyepalilia, akapulizia dawa, na akachuma kwa mkono tunda moja baada ya jingine, ana haki ya kuuliza atapata nini. Lakini lipo jambo jingine ambalo huanza siku ile ile mitambo ya kumenya kahawa inapoanza kunguruma, nalo halitajwi kwenye mizani wala mnadani. Jambo hilo ni maji. Yanaingia mtamboni yakiwa safi kutoka kijitoni. Yanatoka yakiwa na rangi ya kahawia, mazito, yenye utelezi na harufu ya kuchacha. Na kwa kuwa maji hayajui kupanda mlima, yanashuka.

Yanashukia wapi? Nchi ya Umatengo imekaa juu ya mgongo. Maji ya upande mmoja huteremka kwenda Ziwa Nyasa. Ya upande wa pili hukusanyika katika mto Ruvuma na hatimaye kumwagika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mwananchi wa Mpepai, au wa kata nyingine yoyote ya milima hii, hanywi peke yake maji ya kijito kinachopita chini ya shamba lake. Yupo jirani aliye bondeni anayechota baada yake, na yupo mwingine baada ya huyo, mpaka kwa ndugu zetu wa ufukweni, katika ile wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Nalo Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kutokea, yaani Shire, upande wa Malawi. Kinachoingia ziwani hakina haraka ya kutoka.

Katika safu hii leo tunapenda kuzungumzia njia moja ambayo siku hizi husifiwa sana kuwa ndiyo dawa ya maji machafu ya viwanda na ya miji: vyombo vinavyopima maji vyenyewe, na mitambo inayojiendesha yenyewe kwa kufuata vipimo hivyo. Hatukusudii kuvikejeli vyombo hivyo. Tunakusudia kueleza vinavyofanya kazi, vinavyoshindwa, na kwa nini chama cha ushirika kinachotaka kuvinunua hakina budi kujiuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: nani atakisafisha chombo hiki kesho asubuhi?

Maji ya kahawa

Inafaa kwanza tuyajue maji yenyewe. Tunda la kahawa mbivu lina ganda la nje, na chini yake ute mtamu uliozizunguka punje. Kazi ya kumenya na kuosha ni kuviondoa viwili hivyo. Katika njia ya kale, ile ya kumenya, kuchachusha katika matangi na kuosha kwenye mifereji, kilo moja ya kahawa safi huweza kutumia lita 40 za maji, na pengine zaidi. Tani sita hivi za matunda mabivu hutoa tani moja ya kahawa safi. Basi hesabu ni nyepesi: tani moja ya kahawa safi, kwa njia hiyo, huacha nyuma yake lita 40,000 za maji machafu.

Uchafu huo si sumu ya kigeni. Ni sukari na ute wa tunda, vitu ambavyo kila mtu aliyewahi kunyonya kahawa mbivu shambani anavijua. Lakini hapo ndipo penye hatari yake. Vijidudu vya majini huila sukari kwa pupa, na katika kuila hutumia oksijeni iliyomo majini, ile ile ambayo samaki huivuta. Wataalamu hupima uchafu wa namna hiyo kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu watakihitaji, kipimo wanachokiita BOD. Viwango vya Tanzania vinataka maji machafu yanayoruhusiwa kuingia mtoni yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita. Majitaka ya majumbani huwa na mia chache. Maji ya kumenyea kahawa huhesabiwa kwa maelfu.

Tena maji hayo huchacha. Sukari inapooza hugeuka asidi, na uchachu wake, unaopimwa kwa mizani iitwayo pH, hushuka hadi 4 na hata chini ya hapo, ilhali viwango vinataka uwe kati ya 6.5 na 8.5. Mizani hiyo hudanganya jicho la mtu asiyeizoea, kwa sababu kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya 4 hayana uchachu mara tatu kuliko maji ya 7. Yana uchachu mara 1,000.

La mwisho, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi, ni wakati wenyewe. Kahawa ya Mbinga huchumwa kiangazi, mvua zikiwa zimekoma na vijito vimepungua. Mto ambao mwezi wa Machi ungeweza kuyameza maji ya mtambo mmoja bila kuonekana umebadilika, mwezi wa Agosti hauna nguvu hiyo. Uchafu huwa mwingi maji yanapokuwa machache.

Boya na kihisi

Chombo kinachozungumzwa huitwa kihisi. Hutumbukizwa majini, kikahisi hali fulani, kama uchachu, oksijeni, kina au kasi ya mkondo, kisha kikaigeuza hali hiyo kuwa ishara ya umeme. Ishara hupelekwa kwenye kisanduku cha kuamua, na kisanduku huiamuru pampu iwake au izime, au vali ifunguke au ifungwe, bila mkono wa mtu. Katika mtambo wa kahawa, mathalan, kihisi cha uchachu kingeweza kuiamuru pampu imimine maji ya chokaa katika tangi la maji machafu mpaka uchachu uishe.

Jambo hili si geni kwa kiasi tunachodhani. Boya lililomo katika tangi la maji la nyumbani hufanya kazi hiyo hiyo. Maji yakipanda, boya hupanda na kufunga bomba. Maji yakishuka, boya hushuka na kulifungua. Hakuna anayelikesha. Na likiharibika, tangi hufurika, maji yakamwagika uani, na mwenye nyumba akajua mara moja. Tunawaomba wasomaji waikumbuke sifa hii ya boya, kwa maana ndiyo kiini cha hoja yetu. Boya likikosea, kosa lake huonekana.

Katika nchi zenye viwanda vingi, haja ya kuyadhibiti maji machafu kwa mitambo ilikua pamoja na njia ya kuyasafisha kwa kuyapulizia hewa, ambayo wakemia wawili wa Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett, waliitangaza mwaka 1914. Njia hiyo ilienea duniani kote, lakini ina ulafi wa umeme: aghalabu nusu ya umeme wa mtambo mzima, na pengine zaidi, huishia katika kupuliza hewa. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba mwenye mtambo atapenda kujua saa yoyote oksijeni iliyomo majini ni kiasi gani, ili asipulize ya bure. Kihisi cha oksijeni kinachofanya kazi vizuri hurudisha gharama yake.

Mwaka 1973 wataalamu wa fani hiyo walikutana London, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa uliohusu vipimo na udhibiti wa mitambo ya majitaka. Malalamiko makubwa ya enzi hizo yalikuwa juu ya vihisi vyenyewe: haviaminiki. Tangu wakati huo kompyuta zimekuwa ndogo, za bei nafuu na zenye nguvu ambayo wajumbe wa mkutano ule wasingeiota. Vihisi navyo vimeendelea sana. Kitu kimoja tu hakikubadilika: uchafu ambamo vihisi hutumbukizwa.

Jicho lenye utando

Ugumu wa kwanza ni huo. Kitu chochote kinachokaa ndani ya majitaka huota utando. Mtu aliyewahi kutia mkono katika mfereji wa kuoshea kahawa anaujua ute ule unaong'ang'ania vidoleni. Huo huo hung'ang'ania ncha ya kihisi. Baada ya siku chache chombo hakipimi tena maji ya tangi; kinapima maji yaliyonaswa ndani ya utando wake. Tangi likibadilika, chombo huchelewa kujua.

Kuchelewa huko si jambo dogo. Tuchukulie tangi lenye maji ya uchachu wa 4. Kihisi kinasema kweli, na pampu ya chokaa inaanza kumimina. Maji yanafika 7, lakini kihisi chenye utando bado kinasema 5, na pampu, ambayo haina macho mengine, inaendelea kumimina. Kinapokuja kusema 7, maji yamekwisha kuwa 10 au 11, makali kama maji ya majivu, nayo hayafai kwa samaki wala kwa ngozi ya mtu. Mtambo umetii amri kikamilifu, na maji yameharibika upande wa pili.

Ugumu wa pili ndio uliotupa kichwa cha makala haya. Kihisi cha uchachu kina ncha ya kioo chembamba sana. Kwa jinsi kilivyoundwa, maji ya 7, yasiyo na uchachu wala ukali, huonyeshwa kwa umeme wa sifuri. Uchachu huusogeza umeme huo upande mmoja, ukali huusogeza upande wa pili. Sasa kioo kikipasuka, maji ya ndani na ya nje hukutana, tofauti ya umeme hutoweka, na ishara inakuwa sifuri au karibu na sifuri. Kisanduku cha kuamua hakijui kwamba kioo kimepasuka. Kinachokijua ni sifuri, na sifuri kwake maana yake ni 7. Basi kinaandika 7 leo, kinaandika 7 kesho, na kinaizima pampu ya chokaa kwa sababu, kwa hesabu yake, kazi imekwisha.

Huku maji ya 4 yanateremka kijitoni.

Wasomaji watambue tofauti iliyopo kati ya chombo hiki na boya la tangi. Boya lililokufa hufurisha uwanja, na kila mtu hupiga kelele. Kihisi kilichokufa kwa namna hii hutoa jibu ambalo kila mtu angependa kulisikia. Mwenye mtambo ataiona taarifa nzuri na kufurahi. Mkaguzi naye ataiona na kuondoka. Atakayejua ukweli wa kwanza ni mama aliyeko bondeni na ndoo yake, na yeye hana namba ya kumwonyesha mtu.

Ugumu wa tatu ni kwamba mambo mengine hayapimiki kwa haraka. Kipimo cha BOD tulichokitaja, ambacho sheria hukitegemea, huchukua siku tano katika maabara, maji yakiwa yamehifadhiwa katika joto la nyuzi 20. Hakuna pampu inayoweza kungoja siku tano ndipo iamue. Kwa hiyo vyombo hupima vitu vingine vilivyo jirani na uchafu, na mtaalamu hukisia. Hapa twapenda kusisitiza jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: chokaa huondoa uchachu, lakini haiondoi sukari. Maji yanaweza kuwa 7 kweli kweli, kwa kihisi kizima na kisafi, na bado yakaumaliza uhai wa kijito kwa kunyonya oksijeni yake yote. Namba moja nzuri si cheti cha usafi.

Ugumu wa nne ni kalenda ya kahawa yenyewe. Mitambo ya mjini hupokea majitaka mwaka mzima. Mtambo wa kahawa hufanya kazi miezi michache, kisha hulala. Kihisi cha uchachu hakipendi kukauka; hutakiwa kihifadhiwe ncha yake ikiwa katika maji maalumu ya chumvi. Kikiachwa kining'inie katika tangi tupu mpaka msimu ujao, kitaamka kikiwa kizito wa kujibu au kikisema visivyo. Hata kikitunzwa, kioo chake huzeeka, na baada ya mwaka mmoja au michache hutakiwa kingine. Tena kila kinapotumika hakina budi kulinganishwa mara kwa mara na maji ya kipimo yanayojulikana, ya 4 na ya 7, kama mizani ya kahawa inavyolinganishwa na mawe ya Serikali. Mkulima asiyekubali kupimiwa kahawa kwa mizani isiyokaguliwa ana sababu gani ya kukubali mto wake upimwe kwa chombo kisichokaguliwa?

Ugumu wa tano ni umeme na vipuri. Ni kweli kwamba hali imekuwa nafuu tangu mwaka 2018, mkondo wa gridi ya Taifa ulipofika Songea kutoka Makambako na kuupunguzia mkoa wetu utegemezi wa jenereta za dizeli. Lakini umeme ukikatika hata kwa dakika chache, kisanduku cha kuamua hakina budi kiwe kimeelezwa mapema vali zikae vipi: zifungwe au zibaki wazi? Kama hakuelezwa mtu wala mtambo, majitaka yatajiamulia yenyewe. Na kipuri kisichopatikana Mbinga wala Songea, kinachoagizwa kutoka ng'ambo, chaweza kufika msimu umekwisha.

Je, turudi nyuma?

Yumkini wapo watakaosema kwamba tunawakatisha wananchi tamaa, kwamba dunia inakwenda mbele na sisi tunawaambia wakulima wabaki na ndoo. La hasha. Katika jiji kubwa, ambako mtambo mmoja hupokea majitaka ya maelfu ya watu, wapo mafundi wa zamu, ipo maabara, na upo umeme mwingi wa kuokolewa. Hapo vihisi vina mahali pao, na jiji litakalovikataa litajitia hasara.

Lakini tutazame pia yale ambayo miji yetu mingi imekwisha kuyachagua. Dandora, mashariki ya Nairobi, majitaka ya jiji husafishwa katika mfululizo wa mabwawa makubwa. Moshi wanayo mabwawa, na Songea kadhalika. Katika mabwawa hayo, jua, upepo, miani na vijidudu hufanya kazi taratibu kwa siku nyingi. Bwawa halina haraka, na kwa kuwa halina haraka, kosa la saa moja haliliangushi. Lakini nalo si la kusahauliwa. Tope likijaa chini, nafasi ya maji hupungua, na majitaka hupita kabla ya kusafishwa. Hapa tena anahitajika mtu, mwenye fimbo ya kupimia tope na daftari.

Isitoshe, wakulima wa Umatengo hawahitaji kufundishwa kwamba maji yanaweza kutawaliwa bila umeme. Wazee wao walibuni ngolo. Majani hukatwa na kupangwa katika miraba juu ya mteremko, udongo hufukuliwa kutoka katikati na kuyafunika, na mlima mzima ukawa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea sehemu yake, hupunguza kasi ya maji na kuukamata udongo. Ni udhibiti wa kujiendesha wenyewe, uliosimama katika miteremko mikali kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo kila mkulima anajua kwamba ngolo isiyorudishiwa matuta yake hubomoka. Wazee hawakubuni kitu kisichohitaji mkono; walibuni kitu ambacho mkono unaohitajika upo kijijini.

Hiki ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa mtambo wowote mpya: je, mkono unaohitajika upo?

Yatupasayo

Sisi tunaona kwamba chama cha ushirika cha msingi, kiwe cha Mpepai au cha kata nyingine, chaweza kufuata utaratibu ufuatao bila kungoja mfadhili.

Kwanza, kupunguza maji yenyewe. Mashine za kisasa zinazomenya na kuondoa ute kwa kusugua hutumia sehemu ndogo tu ya maji ya njia ya kale. Hata kwa mashine za zamani, maji ya kumenyea yaweza kurudishwa na kutumika tena kabla ya kumwagwa. Maji ambayo hayakuchafuliwa hayahitaji kihisi.

Pili, kuyapima yanayotoka. Ubao uliokatwa pembe ya nyuzi 90, ukasimamishwa wima katika mfereji, na rula kando yake, ni kipimo cha mkondo kinachotumiwa na wahandisi dunia nzima. Kina cha sentimeta 5 juu ya ncha ya pembe ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Kina cha sentimeta 10 ni kama lita 4.4. Lakini usahihi unatakiwa. Anayesoma sentimeta 6 mahali penye 5 ameuongeza mkondo kwa zaidi ya nusu. Kosa hilo hilo hulifanya kihisi cha kina chenye tope au utando wa buibui mbele yake. Tofauti ni kwamba mtu aweza kuliona tope na kulifuta.

Tatu, karatasi za kupimia uchachu. Mwanafunzi wa sekondari anazijua. Huchovywa, hubadilika rangi, na rangi hulinganishwa. Haziendeshi pampu, lakini karatasi iliyoharibika haiwezi kujifanya nzima mwaka mzima, kwa kuwa kila siku hutumiwa mpya. Chokaa itiwe kwa kipimo cha ndoo, ikorogwe, ingojewe, ipimwe tena, na yote yaandikwe.

Nne, mashimo na mabwawa ya kuyatuliza maji hayo, yaliyochimbwa mbali na kijito na mbali na visima, pamoja na kuyageuza maganda kuwa mbolea badala ya kuyarundika kando ya maji.

Tano, na hili ndilo la msingi, awepo mtu. Achaguliwe mwangalizi wa maji, ajulikane kwa jina katika mkutano wa wanachama, na alipwe. Kazi ya bure hufanywa siku za kwanza tu. Daftari lake libandikwe ubaoni pamoja na bei ya kahawa, ili yeyote apitaye asome. Wanafunzi wa sayansi wa shule ya jirani waje mara moja kwa juma kupima naye. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule isitenganishwe na maisha ya kijiji chake. Hatuoni somo linalofaa zaidi kwa kusudi hilo kuliko maji wanayoyanywa wanafunzi wenyewe.

Baada ya hayo, chama kikipenda kununua kihisi, na kinunue. Ila mkataba utaje vipuri vya misimu mitatu, maji ya kipimo, na mafunzo kwa watu wawili, si mmoja, maana mmoja aweza kuhama. Utaje vali zitakaa vipi umeme ukikatika. Na kila asubuhi mwangalizi alinganishe kihisi na karatasi. Vikipishana, aamini karatasi kwanza, akisafishe chombo, ndipo apime tena. Kihisi kinachosema namba ile ile siku nzima, huku kahawa ikiingia na kutoka, kisihesabiwe kuwa kitulivu, kishukiwe.

Tunajua swali litakaloulizwa: nani alipe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakubali msingi kwamba mchafuzi hulipa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayemwaga maji machafu. Lakini mchafuzi hapa si tajiri wa mbali. Ni mkulima mwenyewe, aliyejiunga na wenzake, ambaye makato ya ushirika humuuma hata sasa. Hatulifichi jambo hili. Kila senti atakayolipwa mwangalizi itatoka katika kilo ya kahawa ya mtu aliyeichuma kwa mkono.

Hata hivyo gharama hiyo ipo hivi sasa. Tofauti ni kwamba inalipwa na wasiouza kahawa: na mama anayetembea mwendo wa ziada kutafuta kijito kingine, na mvuvi wa mtoni anayekuta samaki wameelea, na zahanati ya bondeni. Hawa hawakuhudhuria mkutano wa ushirika, wala hawakupiga kura ya makato. Ni haki yao kwamba waliohudhuria wawakumbuke.

Kwa viongozi wa wilaya na wa bodi za mabonde tuna ombi moja. Maji ya vijito yachukuliwe kwenda maabara mwezi wa Julai, Agosti na Septemba, mitambo ikiwa kazini, kwani sampuli ya mwezi wa Februari haitasema lolote juu ya kahawa. Na mkaguzi anapofika mtamboni, asitosheke na namba iliyo kwenye kioo cha kisanduku. Aombe kihisi kitolewe majini, akitazame, kisha akitie katika maji ya 4 yanayojulikana. Kikisema 4, kiko hai. Kikisema 7, ajue kwamba mtambo umekuwa ukimpa habari njema kutoka kwa maiti.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kahawa ya Mbinga imewasomesha watoto wengi na kujenga nyumba nyingi za bati katika milima hii. Itakuwa aibu yetu sote kama wale walio chini ya milima wataikumbuka kwa harufu ya kijito chao. Mitambo na ije, vihisi na vije. Lakini kabla havijafika, awepo kwanza mtu mwenye ndoo, brashi na daftari, aliyetumwa na wenzake na anayelipwa na wenzake, ambaye kila alfajiri atakwenda kulitazama jicho la mtambo kama bado linaona.